Samaki wa Eda ya Shangazi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchagua samaki kwa rangi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, tukikaa Kilifi, wakati ambao daraja lilikuwa bado halijajengwa na kila aendaye Mombasa alisubiri feri. Kichwani mwangu tangi la samaki lilikuwa kitu cha kupangwa kama kabati la vyombo la mama: nyekundu huku, manjano huku, buluu katikati. Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Nalo nililifanya wiki tatu mfululizo bila mtu kunigundua, au hivyo ndivyo nilivyodhani. Nitalieleza nikilifikia. Mimi ni mtu ambaye makosa hayanitoki kirahisi. Mpaka leo nikimpikia mgeni chai ikakosa sukari, nitamwomba radhi mara tatu, na usiku nitaamka nikiikumbuka.

Nyumba ya shangazi yangu Mwanahawa ilikuwa nyumba ya harufu. Ukiingia tu ulipokewa na udi, kisha asumini alizozitunga jioni, kisha iliki kutoka jikoni. Mwaka ule harufu zote ziliondoka. Mumewe, Bwana Nassoro, fundi cherehani aliyekuwa akinishonea kanzu za Idi na kuziacha ndefu makusudi ili nizikulie, alipelekwa Mombasa kutibiwa na akarudi amekufa. Shangazi akaingia eda. Miezi minne na siku kumi hatoki nyumbani, hajitii manukato, hapaki wanja wala hina, havai cha kupendeza, wala haonekani na mwanamume asiye maharimu yake. Chumba chake kilibaki na harufu moja tu, ya sabuni ya mche, na dirisha lake, ambalo lilitazama njia ya watu waendao sokoni, lilifungwa siku ya kwanza likakaa limefungwa. Mimi, mwana wa kaka yake, niliruhusiwa kuingia na kutoka. Nilipelekwa kwake nilale huko, nitumwe dukani, nichote maji. Nilimkuta hali chakula. Anapokea sahani, anashukuru, anaifunika, na baada ya muda sahani inarudi jikoni kama ilivyokwenda.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba nilimjua shangazi akiwa mwambani. Kila bamvua, maji yakikupwa mpaka mwamba ukatoka nje, alifunga kanga kiunoni, akachukua chuma chake cha kuchokorea pweza, akaenda na wanawake wenzake hadi ukingo ambako mawimbi hupasuka. Mara nyingi nilifuatana naye. Alijua kila shimo na anayekaa ndani yake, kama vile mtu anavyojua majirani wa mtaa mmoja. Sasa maji yalikupwa na kujaa bila yeye, na nilimwona akigeuza uso kuelekea baharini nyakati zile zile, ingawa mbele yake palikuwa na ukuta. Nikaamua kwamba ikiwa yeye hawezi kwenda, mimi nitauleta mwamba chumbani. Sikumwambia mtu nia yangu. Niliamini kwamba tangi likiwa zuri kabisa, lisilo na dosari hata moja, shangazi atakula.

Mjomba Shee, ndugu wa mama, alikuwa mzamiaji. Alifanya kazi kwa mfanyabiashara mmoja aliyesafirisha samaki wa mapambo ng'ambo, katika mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa. Pale kazini kulikuwa na tangi la kioo lililopasuka pembeni, urefu wake kama meza ya kusomea, limetupwa nyuma ya choo. Mjomba aliliomba, akaliziba kwa gundi, akaniletea pamoja na pampu ndogo ya hewa iliyounguruma kama paka. Pia alinipa kitabu cha picha za samaki kilichoachwa na mgeni. Kilikuwa cha Kijerumani, sikuelewa hata neno moja, lakini nilikisoma mpaka kurasa zikalegea. Nilijifundisha mwenyewe. Nilipima ukubwa wa tangi kwa rula, nikachora kila jiwe mahali pake, nikaandika orodha ya samaki nikaipiga mistari ya rangi. Halafu nikashikwa na hofu: huenda tangi nalo ni pambo, na mjane hapambwi. Sikulala vizuri siku mbili, mpaka nikaenda kumuuliza maalimu wetu wa madrasa. Akauliza, "Samaki hao atawavaa shingoni?" Nikasema hapana. "Basi rudi kwenye msahafu wako."

Tangi likawekwa chumbani kwa shangazi. Chini nilitandika mchanga, nikaweka mawe, na juu ya mawe matumbawe hai matatu ambayo mjomba aliyatoa nje ya mwamba akiyabeba ndani ya ndoo ya maji: moja la kahawia kama pembe za mbuzi, moja la kijani lenye mikunjo, na moja dogo la zambarau ambalo nililipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kumiliki. Kisha wakaja samaki wa orodha yangu. Vitatange wawili wa manjano, wembamba kama sahani. Kikande mmoja mwenye madoadoa, mdomo umejaa meno. Kangaja mchanga wa buluu. Bunju, yule anayejijaza maji akavimba. Siku ya kwanza shangazi alikaa kwenye mkeka akitazama, akala nusu ya muhogo wake. Mimi nilitoka nje nikalia kwa furaha nyuma ya nyumba. Bi Zuhura, dada wa marehemu, ambaye alihamia pale kuangalia kwamba eda inakaliwa inavyopasa, alisimama mlangoni na mikono kiunoni. "Wifi," akasema, "wewe unakaa eda au unakaa sinema?"

Siku ya nne kitatange mmoja alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga, pezi limetafunwa. Niliamka kabla ya shangazi kumaliza nyiradi zake za baada ya alfajiri huko ukumbini, nikamwona. Nilifikiri jambo moja tu: nyumba hii imetoka kufiwa, haiwezi kufiwa tena. Nikamtoa kwa kikombe, nikamfunga katika karatasi ya daftari, nikamzika chini ya mpapai. Kisha nikakimbia mpaka kwa mjomba, nikachagua mwingine anayefanana naye, na shangazi alipokuja kuketi, vitatange walikuwa wawili. Hivi ndivyo lilivyoanza kosa langu la pili. Bunju alikufa, nikaleta bunju. Kangaja alikufa, nikaleta kangaja. Kila asubuhi, nikiwa na dumu la maji ya bahari begani, nilikuwa nikiomba njia nzima nisikute maiti. Nilikuwa na daftari dogo la kuandika kila kifo, kwa sababu sikuweza hata kudanganya bila kuweka mambo sawa. Mjomba alichoka nami. "Mpwa, hao samaki unawafuga au unawachinja?" aliniuliza siku moja. Nikamsihi asiseme kwa mtu. Wakati huo matumbawe nayo yalikuwa yakififia. Lile la zambarau lilikuwa likigeuka rangi ya majivu upande mmoja, na vitatange walilidonoa mchana kutwa kama kuku.

Ilikuwa alasiri. Nilikuwa nikibadilisha maji, shangazi akivuta tasbihi. Mkono wake ukasimama.

"Hamisi."

"Naam, shangazi."

"Yule kitatange wa juzi alikuwa na pezi lililokatika mgongoni. Huyu pezi lake zima."

"Limeota."

"Kwa siku mbili?"

"Samaki hupona haraka, shangazi."

"Pweza huota mkono, hilo nimeliona kwa macho yangu. Kitatange sijamwona, na mwambani nimekwenda tangu nikiwa mdogo kuliko wewe." Akaiweka tasbihi juu ya mkeka. "Wamekufa wangapi?"

Nikalitoa daftari mfukoni nikampa. Alisoma polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Walikuwa kumi na mmoja.

"Huyu wa buluu ni wa ngapi?"

"Wa tatu."

Alilifunga daftari. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia. "Siku ile ulipotumwa maziwa ya uji, ulikuwa unajua?"

Hapa inanibidi nieleze. Bwana Nassoro alifariki Mombasa alfajiri. Kwetu habari kama ile haikusemwa moja kwa moja. Aliyefiwa aliambiwa kwanza kwamba mgonjwa amezidiwa, baadaye kwamba analetwa nyumbani, na watu wakaanza kukusanyika mmoja mmoja mpaka aelewe mwenyewe. Ilihesabiwa kuwa ni huruma. Baba yangu, ambaye alimpenda dada yake kupita kiasi, alimwambia mumewe anarudishwa, hali yake si nzuri, atayarishe kitanda. Shangazi akatandika shuka safi na kusema atamkorogea uji wa mchele, maana ndio pekee aliokuwa akiuweza. Mimi nikatumwa maziwa. Nilikuwa nimewasikia wakubwa wakizungumza uani, nikaamriwa nisiseme. Nilinunua maziwa, nikarudi nayo, nikasimama jikoni nikimtazama akikoroga.

"Nilikuwa najua," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayethibitisha hesabu aliyokwisha kuifanya. "Baba yako hakutaka niumie, simlaumu. Nawe ulikuwa mtoto, uliambiwa unyamaze. Lakini Hamisi, mauti nimeyakubali, ni amri ya Mungu. Usiku kinachonitoa machozi ni ule uji. Nilisimama pale naonja sukari, nyumba nzima inanitazama, na mimi peke yangu sijui." Akanirudishia daftari. "Humu ndani kisife kitu tena mkanificha. Hata konokono."

Nililia kwa kwikwi, na aliniacha nilie bila kunibembeleza. Nilipomaliza akasema, "Sasa nenda ukamwite mjomba wako. Hawa samaki wamechaguliwa na mwenda wazimu."

Mjomba Shee hakuwa maharimu yake, kwa hiyo alisimama ukumbini na pazia likawa katikati yao. Bi Zuhura alikaa ndani kulinda pazia. Mimi nilikuwa nikipita chini ya pazia hilo na ndoo.

"Shemeji," shangazi akaanza, "mzamiaji mzima unamweka kikande chumba kimoja na bunju?"

"Niliagizwa, shemeji. Mpwa wangu aliniletea orodha ina mistari ya rangi. Nilidhani ni ya harusi."

"Na vitatange juu ya tumbawe? Si chakula chao hicho?"

"Nilimwambia. Akasema kitabuni wako pamoja."

"Kitabuni wamepigwa picha," shangazi akasema. "Baada ya picha hujui nani alimla nani."

Nilisikia mjomba akicheka nje ya pazia, na Bi Zuhura akakohoa ili asicheke. Kisha shangazi akaanza kuchagua, na katika nusu saa ile nilijifunza zaidi ya niliyoyapata katika kitabu kizima. Hakuuliza rangi ya samaki hata mara moja. Aliuliza anakula nini. Aliuliza analala wapi, kwa sababu samaki asiye na shimo lake atamnyang'anya mwenziwe. Aliuliza atakuwa mkubwa kiasi gani, maana kangaja yule mchanga akikua angehitaji bahari ya kukimbilia, na kumweka kwenye kioo ni kumfunga. Wote wa orodha yangu wakarudishwa ndoo kwa ndoo, na mjomba akaenda kuwaachia mwambani. Badala yao shangazi alitaka wadogo, wachache. Wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, pamoja na mnyama wao yule laini mwenye nyuzi nyingi kama ua, kwa sababu bila yeye wangekuwa hawana nyumba. Yule mwembamba mwenye mstari mweusi ambaye huwasafisha wenziwe wadudu. Konokono watatu wa kula ukungu wa kijani. Na wa mwisho, samaki mdogo wa rangi ya mchanga ambaye mimi nisingemtazama mara mbili, akae shimo moja na kamba. Kamba haoni vizuri, akaeleza. Kazi yake ni kuchimba kutwa, na samaki hukaa mlangoni kumlinda, na kamba akitoka huacha udevu wake mmoja mrefu umguse samaki mgongoni ili ajue kama kuna hatari.

"Huyo atapatikana, shemeji?" akauliza.

"Nitamtafuta mpaka nimpate," mjomba akajibu, na safari hii hakutania.

Likabaki tatizo la matumbawe. Shangazi aliinama mbele ya lile la zambarau, akalitazama sana, akasema hili linakosa jua. Tumbawe hulioni mwambani likiota pangoni. Nikatazama dirisha. Bi Zuhura alinitazama nikitazama dirisha. "Usithubutu," akasema. Ilikuwa imebaki miezi miwili na nusu. Njia ile ilipitwa na wanaume tangu asubuhi, na hata pazia jepesi lingeonyesha kivuli. Nilihesabu hasara zangu: tukilifungua, eda ya shangazi inaingia dosari, tukiliacha, matumbawe yanakufa na mimi ndiye niliyeyatoa baharini. Nilikuwa nimeanza kuhesabu upya, kama ninavyohesabu mpaka leo kila njia inapokuwa na kosa. Ni Bi Zuhura aliyesema, bila kumwangalia mtu, kwamba marehemu kaka yake alikuwa na kioo kikubwa cha dirisha la duka lake, kile alichokuwa akionyeshea mashati, kiko uvunguni kimefungwa gunia. "Wanaume hawapiti juu ya paa," akasema.

Kesho yake, shangazi akiwa amehamia chumba cha pili, mjomba alipanda, akaezua makuti sehemu moja, akalaza kioo kile na kukishindilia pembeni. Jua likashuka chumbani likiwa pande moja la mraba, likatua juu ya tangi. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso wa shangazi mchana kweupe tangu msiba. Alikuwa amekonda. Alifumba macho akakaa chini ya mwanga ule. Masika yalipoingia paa lilivuja pembeni mwa kioo, tukaweka sufuria chini na maisha yakaendelea.

Hawakuishi wote. Konokono mmoja alikufa, na mmoja wa wale wa chungwa aliruka nje ya tangi. Kila mara nilikwenda kwa shangazi nikasimama mbele yake, nikasema, "Shangazi, fulani amekufa." Aliuliza lini, na kwa nini. Tukachunguza pamoja. Halafu tukamzika chini ya mpapai, mimi nikichimba na yeye akinielekeza kutoka mlango wa uani. Nilishangaa kuona kwamba habari niliyoiogopa hivyo ilichukua muda mfupi tu kusemwa. Tumbawe la zambarau halikupona upande uliokufa, lakini upande mwingine lilianza kutoa ncha nyeupe, ishara ya kukua. Samaki na kamba wake wakachimba shimo pale pale mbele ya mkeka, na shangazi alizoea kula akiwatazama, tonge kwa tonge, mpaka sahani ikaanza kurudi tupu. Bi Zuhura aliendelea kulalamika kuhusu sinema, huku akivuta kigoda karibu zaidi.

Eda ilipokwisha shangazi alikoga, akajifukiza udi, akafungua dirisha. Maji yalipokupwa alichukua chuma chake akaenda, nami sikufuatana naye. Nilihisi alitaka kwenda peke yake. Nililitunza tangi miaka miwili zaidi, mpaka nikaenda shule ya bweni nikamwachia shangazi. Muhula wa kwanza nilipata barua yake. Baada ya salamu aliandika kwamba yule msafishaji alikutwa amekufa Jumanne, wengine ni wazima, na kamba amehamisha mlango. Wenzangu walicheka sana barua ile ilipopita mikononi mwao. Mimi niliihifadhi.

Sasa naishi Nairobi, na sebuleni nina tangi kubwa mara tatu ya lile. Lina taa maalumu badala ya paa lililotobolewa, chumvi inauzwa kwenye ndoo, na nina vipimo vya kila kitu, jambo ambalo kwa mtu wa aina yangu ni furaha na adhabu pamoja. Tumbawe hai mwambani nisingeling'oa tena. Sheria inakataza bila kibali, na hata isingekataza, nimeshaona sehemu nyingi zilizokuwa bustani zimebaki vifusi vyeupe. Nanunua vipande vilivyooteshwa. Samaki nachagua kwa maswali ya shangazi, na wauzaji wananiona msumbufu. Bado nina wasiwasi. Bado naamka kuangalia kama pampu inafanya kazi.

Shangazi aliishi mpaka uzeeni. Siku alipofariki, dada yangu Rukia alinipigia simu kutoka Kilifi asubuhi, nikiwa kazini. Hakusema amezidiwa, wala hakuniambia nije haraka bila sababu. Alitoa salamu, akaniuliza kama nimekaa, akasema, "Shangazi Mwanahawa amefariki leo baada ya alfajiri. Tunamzika alasiri." Nililia pale pale mezani, nikijua ninachokililia. Katika ukoo wetu siku hizi mtu akifiwa huambiwa siku hiyo hiyo, kwa maneno yenyewe.